KASI NA KIASI: Je, Mtandao Wenye Kasi Hula Kifurushi?

Swali lililo katika kichwa cha makala haya si la mafundi wa simu peke yao. Huulizwa madukani, maofisini na katika vyumba vya walimu, na kwa kawaida huulizwa kwa maneno ambayo yenyewe ndiyo yanayoleta utata. Mtu husema, "Nimezima 4G, maana inakula bando." Mwenzake hujibu kwamba hilo haliwezekani, kwa kuwa megabaiti ni megabaiti. Kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli, na mabishano yao hayatakwisha mpaka maneno mawili yanayokaribiana mno kwa sauti, yaani kasi na kiasi, yatenganishwe. Kazi hiyo ya kuyatenganisha ni yetu sisi tunaofasiri mikataba, tunaofundisha na tunaoandika matangazo ya ofisi.

Mwandishi wa makala haya aliutambua uzito wa jambo hili mjini Tabora. Katika ofisi moja, ambayo hapana haja ya kuitaja, palibandikwa ubaoni waraka uliowaarifu watumishi kwamba ofisi imeunganishwa na "intaneti ya MB 20", na kwamba wote wanaombwa kuitumia kwa uangalifu ili isiishe kabla ya mwisho wa mwezi. Waraka ulikuwa umetiwa sahihi na kupigwa muhuri, na watumishi waliutii. Karani mmoja alinieleza kuwa kwa muda wa wiki tatu walikuwa wakipeleka taarifa za ofisi kwa vifurushi vya simu zao wenyewe, ili zile MB 20 zibaki kwa ajili ya mkuu wa ofisi akipatwa na jambo la dharura. Mkataba ulipotolewa kabatini na kusomwa, ulionekana kusema megabiti 20 kwa sekunde, bila kikomo cha matumizi. Aliyeufasiri aliona tarakimu na herufi mbili. Yale maneno "kwa sekunde" aliyaacha kama mapambo.

Hebu tufanye hesabu. Biti nane hufanya baiti moja. Njia inayopitisha megabiti 20 kila sekunde hupitisha megabaiti 2.5 kwa sekunde, na ikitumika saa nzima bila kupumzika hupitisha megabaiti 9,000, yaani gigabaiti 9. Lau ofisi ile ingalinunua megabaiti 20 tu, njia hiyohiyo ingalizimaliza kwa sekunde 8. Tofauti yote kati ya sekunde 8 na mwezi mzima usio na kikomo ilikuwa katika maneno mawili yaliyoachwa.

Mzigo na njia

Tabora ni mahali panapofaa kulielezea jambo hili, kwa sababu mji wenyewe ulikuzwa na mizigo. Tangu katikati ya karne ya 19, ukijulikana kwa jina la Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nguo, shanga na nyaya zilipanda bara. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Na watu waliotekwa walipitishwa njia hiyohiyo, jambo lisilofaa kusahauliwa tunapoitaja biashara ile. Msafiri Mwingereza, Richard Burton, aliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Mpagazi, ambaye mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 30. Kila bidhaa ilikuwa na kipimo chake: pembe kwa frasila, nguo kwa mkono, shuka na doti, shanga kwa khete na fundo.

Watu wa njia ile hawakuchanganya mzigo na mwendo. Frasila mbili zilibaki frasila mbili, msafara ukienda siku 90 au siku 134. Mwendo huamua siku ya kufika. Hauongezi uzito wa kitu kilicho begani.

Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini, kwani hata neno kasi, kama linavyotumiwa na wauzaji wa huduma za simu, si kasi kwa maana yake ya asili. Mawimbi ya redio yanayoleta ujumbe kwenye simu husafiri kwa mwendo uleule wa nuru, iwe simu inatumia mtandao wa kizazi cha pili au cha tano. Kinachobadilika ni idadi ya biti zinazopitishwa katika sekunde moja. Msafara wa wapagazi 1,000 haukufika Tabora mapema kuliko msafara wa wapagazi 10; pengine ulichelewa zaidi, maana wengi hucheleweshana. Walakini siku ulipofika, mji ulipokea mizigo mara mia. Kile kinachouzwa leo kwa jina la kasi hufanana zaidi na wingi wa wapagazi wanaoingia mjini kwa siku kuliko wepesi wa miguu ya mmoja wao.

Wepesi wa miguu nao upo, na una kipimo chake. Ni ule muda unaopita tangu simu itume ombi mpaka jibu la kwanza lirudi, na mafundi huuhesabu kwa sehemu za elfu za sekunde. Mitandao mipya imekusudiwa kuupunguza pia, lakini ni jambo jingine kabisa, na mtandao unaweza kupitisha biti nyingi na bado ukachelewa kujibu. Katika maandishi yetu mengi mambo haya mawili huitwa kasi bila kupambanuliwa. Kwa maoni yangu, kasi ibaki kwa wingi wa biti kwa sekunde, kwa sababu umma umekwisha kulipokea neno hilo na si rahisi kuwanyang'anya. Huo muda wa kungoja jibu tuuite ukawiaji. Neno hili linatokana na kitenzi ambacho kila mtu anakijua, nalo halihitaji maelezo marefu.

Kifurushi, bando na MB

Furushi ni vitu vilivyofungwa pamoja katika nguo, na kiambishi ki- hulifanya dogo. Aliyelichagua neno kifurushi kwa data ya kununuliwa alichagua vema, kwani linaonyesha kiasi kilichofungwa, chenye mwanzo na mwisho. Bando ni neno la Kiingereza lililotoholewa kwa maana ileile, na mitaani ndilo lililoshinda. Sioni sababu ya kulipiga vita. Ila waraka rasmi una neno lake tayari, wala hauna haja ya la pili.

Shida kubwa iko katika MB. Watu husema "sina MB" na "MB zimeisha", hata yule aliyenunua gigabaiti kumi. Kipimo kimegeuka kuwa jina la kitu kinachopimwa. Mabadiliko ya namna hii si mageni katika lugha yetu: ile nguo ya pamba iliyopendwa sana katika njia ya misafara iliitwa marekani kwa sababu ya nchi ilikotoka, na jina likabaki hata nguo ilipokuja kufumwa kwingine. Katika mazungumzo hakuna madhara. Madhara huanza pale mtu aliyezoea kwamba MB maana yake ni data anapoona herufi hizo, au ndugu yake Mb, katika mkataba wa kasi. Ndivyo alivyokosea mfasiri wa Tabora, na sithubutu kumcheka.

Herufi G nayo ina balaa lake. Dukani "G nne" ni gigabaiti nne, kitu kinachopungua kadiri kinavyotumika. Kwenye kioo cha simu "4G" ni mtandao wa kizazi cha nne, ambao haupungui wala kuisha. Msikilizaji asiyeelezwa ana haki ya kudhani kwamba 4G imo ndani ya kifurushi chake na inatumbukia humo kula.

Kwa kitu kilekile, kiasi ni kilekile

Sasa tulijibu swali lenyewe. Tuchukue picha ya megabaiti 3, yaani megabiti 24. Katika mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, picha hiyo itafika kwa sekunde 24. Katika mtandao wa megabiti 24 kwa sekunde, itafika kwa sekunde moja. Katika hali zote mbili kifurushi kitapungua kwa megabaiti 3 na kidogo cha ziada. Aliyesema megabaiti ni megabaiti alikuwa na maana hii, na kwa maana hii hakukosea.

Kile kidogo cha ziada kinatokana na namna ujumbe unavyosafirishwa. Haupelekwi mzima, bali hukatwa vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya ilikotoka na inakokwenda. Anwani hizo nazo ni biti, na huhesabiwa. Ni kama hongo ya zamani, ambayo haikuwa rushwa bali ushuru uliotolewa na msafara kwa mtawala wa nchi uliyopita, hasa Ugogo. (Leo neno hilo limebaki na maana ya rushwa tu, nami sipendekezi lirudishwe kazini.) Ushuru huu wa pakiti hauzidi kwa sababu mtandao una kasi. Kinyume chake, mtandao dhaifu ndio unaoweza kupoteza: pakiti zisizofika hutumwa tena, na faili lililokatika katikati pengine huanza kupakuliwa upya toka mwanzo. Anayezima 4G ili kuokoa data, akakaa pembezoni mwa mnara wa mtandao wa zamani, anaweza kulipa mara mbili kwa kitu kimoja.

Mwombaji hubadilika

Hata hivyo, katika mji huohuo nilizungumza na mwalimu wa sekondari aliyeifunga simu yake katika mtandao wa kizazi cha tatu, na hakuwa mtu wa kubahatisha mambo. Aliandika katika daftari kila kifurushi alichonunua. Kabla ya kupata simu ya 4G, kifurushi cha wiki kilimtosha wiki. Baada ya kuipata, kikawa kinaisha siku ya tatu au ya nne. Kumwambia mtu huyu kwamba kasi haihusiani na kiasi ni kumdharau. Daftari lake lilisema kweli.

Sababu ni kwamba simu janja haiombi kitu kilekile mtandao unapobadilika. Mfano ulio wazi zaidi ni video. Huduma kubwa za video huweka nakala kadhaa za picha moja, tangu hafifu hadi angavu sana, na programu iliyo ndani ya simu hupima njia kila baada ya sekunde chache kisha ikaomba nakala iliyo bora kuliko zote ambazo njia inaweza kupitisha. Njia ikiwa nyembamba, itaomba picha ya mistari 360. Ikipanuka, itapanda hadi mistari 720 au 1,080, na mtazamaji hataulizwa. Picha ya nukta 640 kwa 360 ina nukta 230,400. Ile ya 1,920 kwa 1,080 ina nukta 2,073,600, yaani mara 9 kamili. Biti haziongezeki mara 9, kwa kuwa picha hubanwa kabla ya kutumwa, lakini huongezeka sana. Netflix hueleza kwamba saa moja ya filamu huweza kutumia hadi gigabaiti 1 kwa picha ya kawaida, hadi gigabaiti 3 kwa picha angavu, na hadi gigabaiti 7 kwa ile ya juu kabisa. Filamu ni ileile na saa ni ileile. Mzigo si uleule.

Simu nyingine zimetengenezwa kutambua kizazi cha mtandao na kubadili tabia zao. Simu za iPhone zenye 5G, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2020, zina mpangilio unaoruhusu data zaidi zikiwa katika mtandao huo: video huonyeshwa kwa ubora wa juu zaidi, na programu za mfumo huweza kujisasisha bila kungoja mtandao wa nyumbani. Zaidi ya hayo kuna picha na video zinazojifungua zenyewe katika makundi ya mazungumzo, na video ya pili inayoanza kabla ya mtu kuamua kama anaitaka. Mambo haya yalikuwapo hata katika mitandao ya polepole, lakini hayakuwahi kukamilika. Mtu alichoka kungoja akaifunga simu, na uchovu wake ukamlindia kifurushi.

Upande wa binadamu ni huohuo, na historia ya Tabora inautolea mfano mzuri. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyomchukua Burton miezi minne na nusu ikawa ya siku mbili au pungufu. Frasila haikuongezeka uzito kwa kupanda gari moshi. Lakini watu walianza kusafirisha vitu ambavyo hakuna aliyewahi kufikiri kuvibebesha wapagazi. Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilikunjuliwa ikafungwa katika masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa bara kwa reli hiyo, kisha ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Ndiyo ile tunayoiita Liemba. Asingalipatikana mfanyabiashara wa Kazeh wa kuagiza meli ya namna hiyo, si kwa kukosa haja nayo, bali kwa sababu njia ilimkataza hata kuiwaza.

Basi hesabu ya mwalimu wetu inaeleweka. Kifurushi cha gigabaiti 1, yaani megabiti 8,000, kikitumika mfululizo katika njia ya megabiti 1 kwa sekunde, huchukua saa 2 na dakika 13. Katika njia ya megabiti 40 kwa sekunde huweza kumalizika kwa dakika 3 na sekunde 20, ikiwa kuna kitu kinachoomba muda wote. Kasi ni uwezo wa kutumia; anayetumia ni yule aombaye. Mwalimu alipokwenda kwenye mipangilio ya simu yake, akaweka kikomo cha ubora wa video na kuzuia faili zisijifungue zenyewe, alirudi kwenye 4G, na kifurushi kikamfikisha siku ya sita. Wanafunzi wake nao wakaanza kupata mazoezi siku ileile anayoyatuma.

Ni vizuri kuongeza tahadhari moja kwa wanaofasiri taarifa za utafiti kutoka nje. Katika nchi zilizotangulia kuwa na 5G, watumiaji wake wameonekana kutumia data nyingi kuliko wa 4G. Lakini wanaonunua simu mpya kwanza mara nyingi ni walewale waliokuwa wakitumia data nyingi tangu zamani, na wengi wao wana vifurushi visivyo na kikomo. Kwa hiyo kitenzi kama "husababisha" kisitumike pale ambapo maandishi ya asili yanasema tu kwamba mambo mawili yameonekana pamoja. Kwetu Tanzania, ambako huduma ya kwanza ya 5G ilizinduliwa mwezi Septemba 2022, walio wengi hununua data kwa kifurushi kidogo kidogo, na kosa la kitenzi huangukia mfuko wa mtu.

Jinsi ya kuandika

Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa kanuni ndogo za vifurushi, ambazo pamoja na mengine ziliwataka watoa huduma kumwarifu mteja matumizi yake yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100. Taarifa za namna hiyo ni za kiasi. Hazina budi kutaja megabaiti au gigabaiti, na neno kasi lisionekane humo. Mkataba wa njia ya ofisi ni wa kasi, na kipimo chake ni megabiti kwa sekunde. Maneno "kwa sekunde" ni sehemu ya kipimo chenyewe, kama "kwa saa" ilivyo sehemu ya mwendo wa gari. Biti na baiti hutofautiana kwa irabu moja tu, na vifupisho vyake kwa ukubwa wa herufi, jambo ambalo mpiga chapa mchovu hulipoteza kwa urahisi. Kwa sababu hiyo napendelea vipimo hivi viandikwe kwa ukamilifu katika nyaraka zinazokwenda kwa umma, hata kama nafasi ni finyu.

Pale penye neno "bila kikomo", mfasiri aulize: kikomo cha nini? Zipo huduma zisizo na kikomo cha kiasi lakini zenye kikomo cha kasi, ambacho huanza baada ya mteja kufikisha matumizi fulani. Kuandika "intaneti bila kikomo" na kunyamaza ni kumfungia mtu furushi bila kumwonyesha kilichomo.

Kitenzi kula, ambacho ndicho kilichoanzisha mabishano, hakina kosa la sarufi. Gari hula mafuta na kazi hula muda. Kasoro yake ni kumtaja mlaji asiye. Katika "4G inakula bando", mtandao umefanywa mlaji, hali yeye ni koo tu. Tangazo linaweza kusema: "Mtandao unapokuwa na kasi, programu za simu yako huweza kuomba data nyingi zaidi; weka kikomo katika mipangilio." Ni ndefu kidogo, lakini inamwelekeza msomaji mahali pa kugusa.

Waraka wa ofisi ile ya Tabora uliandikwa upya, nami niliombwa kuusoma kabla haujabandikwa. Ulisema hivi: "Ofisi imeunganishwa na intaneti yenye kasi ya megabiti ishirini kwa sekunde. Kiasi cha matumizi hakina kikomo. Watumishi wanaweza kuitumia kwa kazi za ofisi wakati wowote." Yule karani aliusoma mara mbili, kisha akauliza kama anaweza sasa kupeleka taarifa ya robo mwaka, iliyokuwa ikimngoja apate fedha za kifurushi. Ilikuwa na megabaiti 4. Ilikwenda kwa sekunde chache.